Sentimita 19 za Wavu: Kwa Nini Voliboli ya Wanaume na ya Wanawake Hazifanani

Agosti 10, 2024, jijini Paris, Ufaransa iliifunga Poland seti tatu kwa bila na kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya voliboli ya wanaume. Kesho yake, katika ukumbi uleule, Italia iliifunga Marekani seti tatu kwa bila na kutwaa ya wanawake. Ukiyaandika matokeo hayo kwenye karatasi, ni mechi moja iliyochezwa mara mbili. Lakini mtazamaji aliyekaa mbele ya runinga siku zote mbili alikuwa na haki ya kuhisi kwamba ametazama michezo miwili tofauti.

Hapo ndipo mabishano huanzia, na huanza upya kila mashindano makubwa yanapofika. Mmoja atasema wanaume wako juu na hakuna la kujadili. Mwingine atajibu kwamba voliboli yenyewe, ile ya mpira kuvuka na kurudi hadi watu wanasimama vitini, iko kwa wanawake. Wa tatu atalaumu pesa. Wa nne atataka wavu uguswe. Kinachovuruga mjadala ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake: nani ana nguvu zaidi, upi unavutia zaidi, pengo limetoka wapi, na je, sheria zinatenda haki. Maswali haya yanahusiana, lakini jibu la moja si jibu la jingine.

Uwanja mmoja, nyavu mbili

Michezo mingi hupunguza vifaa kwa ajili ya wanawake. Mpira wa kikapu wa wanawake ni mdogo kuliko wa wanaume, handiboli vilevile. Tufe la wanaume lina uzito wa kilo 7.26, la wanawake kilo 4. Voliboli haikufuata njia hiyo. Mpira ni uleule, gramu 260 hadi 280, mzingo wa sentimita 65 hadi 67. Uwanja ni uleule, mita 18 kwa 9, na mstari wa mashambulizi uko mita 3 kutoka katikati kwa wote. Wachezaji sita wanalinda mita za mraba 81, wawe wanaume au wanawake. Kilichobadilishwa ni kimoja tu: wavu wa wanaume una urefu wa mita 2.43, wa wanawake mita 2.24.

Sentimita 19, basi. Wengi hudhani hizo zinafidia tofauti yote ya miili. Hazifidii, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Wavu wa wanawake uko chini kwa karibu asilimia 8. Katika timu kubwa za dunia, wastani wa kimo cha wanaume huzunguka mita 2, na wa wanawake huzunguka mita 1.86, yaani pengo la asilimia 7. Kwa hiyo wavu umepunguzwa kulingana na kimo cha mtu aliyesimama. Lakini voliboli ya kiwango cha juu haichezwi kwa kusimama.

Mshambuliaji wa kiume wa kiwango hicho hugonga mpira karibu mita 3.50 kutoka sakafuni. Wa kike hugonga juu kidogo ya mita 3. Tukichukua mita 3.05, pengo limeshafika asilimia 13. Mwanamume anapiga akiwa na zaidi ya mita moja ya nafasi juu ya ukingo wa wavu, mwanamke akiwa na sentimita 81 tu. Ukiupima kwa mruko badala ya kimo, wavu wa wanawake ndio mrefu.

Riadha inatoa picha hiyohiyo. Rekodi ya dunia ya mita 100 ni sekunde 9.58 kwa wanaume na 10.49 kwa wanawake, tofauti isiyofika asilimia 10. Katika kuruka juu, Javier Sotomayor wa Cuba aliruka mita 2.45 mwaka 1993, na Yaroslava Mahuchikh wa Ukraine mita 2.10 mwaka 2024. Hapo pengo ni asilimia 14. Kadiri tendo linavyodai kuunyanyua mwili mzima kwa nguvu ya ghafla, ndivyo pengo linavyopanuka, na voliboli ni mchezo wa kuruka kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuna ushahidi mwingine ambao haupewi uzito wake. Katika voliboli ya kukaa, inayochezwa na watu wenye ulemavu, hakuna kuruka kabisa, kwani mchezaji haruhusiwi kunyanyua makalio sakafuni anapougonga mpira. Hata hivyo wavu wa wanaume una mita 1.15 na wa wanawake mita 1.05. Wanawake wa Rwanda waliocheza Paralimpiki za Rio, Tokyo na Paris walicheza chini ya wavu huo wa pili. Pengo la nyavu hizo mbili linakaribia asilimia 9, karibu sawa na la wavu wa kusimama. Kumbe watunga sheria waliufidia mwili, lakini mruko hawakuugusa.

Mwili unaleta nini

Kabla ya kubalehe, wavulana na wasichana huachana kidogo tu katika kukimbia na kuruka. Kinachowatenganisha ni homoni ya testosteroni, ambayo kwa wavulana hupanda hadi kiwango kilicho juu mno kuliko cha wasichana. Inajenga misuli mikubwa zaidi, mifupa mirefu zaidi na damu yenye uwezo mkubwa wa kubeba oksijeni. Jambo muhimu kwa voliboli ni kwamba pengo hilo halijagawanywa sawasawa mwilini. Ni kubwa zaidi mabegani na mikononi kuliko miguuni, na smashi ni kazi ya miguu inayomaliziwa na bega. Pengo la miguu linaonekana kwenye urefu wa mruko, la bega kwenye kasi ya mpira, na katika tendo moja yanajumlishwa.

Ndiyo maana tofauti inajionyesha zaidi kwenye servisi. Wafyatuaji wakubwa wa kiume, kama Ivan Zaytsev wa Italia na Wilfredo León wa Poland, wamepimwa wakipiga servisi za zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Wanawake wachache sana hufikisha 100, na wengi hawatafuti kasi hiyo. Huchagua servisi ya kuelea: mpira unapigwa bila kuzunguka, unayumba hewani, na anayeupokea hajui utaangukia wapi hadi dakika ya mwisho.

Sifa hizi ni za wastani. Mireya Luis wa Cuba, mwenye kimo cha mita 1.75 tu, alisifika kwa kufikia mita 3.39 anaporuka, na aliongoza kizazi kilichotwaa dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo, 1992, 1996 na 2000. Lakini mtu wa namna yake hutokea mara chache, na timu ya taifa haiwezi kupanga mipango yake kwa kumsubiri.

Sehemu ya kumi ya sekunde

Tuusogelee mpira wenyewe. Smashi ya kilomita 110 kwa saa ni karibu mita 30 kwa sekunde. Mlinzi aliyesimama mita 9 kutoka kwa mpigaji ana karibu sekunde 0.3. Smashi ya kilomita 85 kwa saa inampa karibu sekunde 0.38. Hewa huupunguza mpira kasi kidogo, kwa hiyo muda halisi ni mrefu kidogo kwa wote wawili, lakini tofauti inabaki: kama sehemu ya kumi ya sekunde.

Inaonekana ndogo. Ila binadamu huhitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde ili jicho lione na misuli ianze tu kujibu. Kwa smashi ya kwanza, muda unaobaki wa kusogea karibu haupo. Mlinzi anaokoa kwa kuwa alishasimama mahali sahihi kabla mpira haujapigwa, au kwa kuwa mpira umemgonga. Kwa smashi ya pili muda unaobaki ni karibu mara mbili. Anaweza kupiga hatua moja, kujitupa, kusukuma mkono chini ya mpira. Hatua hiyo moja ndiyo inayouweka mpira hai.

Jiometri nayo ina lake. Chukua shambulizi kutoka safu ya nyuma, ambapo mpigaji lazima aruke akiwa nyuma ya mstari wa mita 3. Tuseme, kwa hesabu ya karatasini, mpira unagongwa juu ya mstari huo na kusafiri kama rula, ukipita wavu bila kuugusa. Ukigongwa kwenye mita 3.50 juu ya wavu wa wanaume, utaangukia kama mita 7.5 upande wa pili, ndani ya uwanja. Ukigongwa kwenye mita 3.05 juu ya wavu wa wanawake, utaangukia kama mita 9.5, nje. Uwanjani mambo si makali hivyo, kwani mpigaji huruka kwenda mbele na huuzungusha mpira ili ushuke. Lakini hapo ndipo tunaona kwamba mwanamume anaweza kupiga kwa nguvu zote kutoka nyuma na mpira ukaingia, wakati mwanamke analazimika kuupinda. Kwa miaka mingi shambulizi la safu ya nyuma limekuwa mkate wa kila siku kwa wanaume, ilhali kwa wanawake lilikuwa silaha ya wachache. Paola Egonu wa Italia na Tijana Bošković wa Serbia ni miongoni mwa waliolifanya la kawaida.

Wanawake nao wamebuni njia zao. Mchezaji wa kati hukimbia sambamba na wavu, akapita nyuma ya seta, yaani anayewapangia washambuliaji mpira, na kuruka kwa mguu mmoja akiendelea kwenda pembeni, mpira ukimfuata. Bloku, yaani ukuta wa mikono ya wazuiaji, inamkosa kwa sababu hayuko tena pale alipotarajiwa. Wanaume hawaitumii sana mbinu hiyo, maana kuruka kwa miguu miwili kunawafikisha juu zaidi, na kwao juu ndiko kwenye faida. Kwa wanawake faida iko pembeni, kwenye kumhamisha mzuiaji.

Pointi inaamuliwa wapi

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Katika voliboli ya leo timu inayopokea servisi ndiyo yenye nafasi kubwa ya kushinda pointi, kwa kuwa inashambulia kwanza. Kwa wanaume wa kiwango cha juu, faida hiyo hukaribia pointi mbili katika kila tatu. Kwa wanawake ipo, lakini ni nyembamba zaidi, kwa sababu shambulizi la kwanza huokolewa mara nyingi na mchezo ukaanza upya.

Mengi hufuata kutoka hapo. Kwa wanaume, seti ni msururu wa kila timu kulinda zamu yake, hadi mmoja apate pointi moja au mbili za ziada akiwa ndiye anayepiga servisi. Ndiyo maana wanafyatua servisi kwa hatari yote na kukubali makosa. Timu kubwa kupoteza servisi nne au tano katika seti moja si ajabu. Shabiki anakasirika, kocha anajua anachokifanya: servisi laini ni zawadi kwa mpinzani ambaye karibu hakika atafunga.

Kwa wanawake, timu inaweza kupata pointi tano au sita mfululizo bila muujiza wowote, na uongozi mkubwa si salama. Nusu fainali ya Athens mwaka 2004 itakumbukwa: Brazil iliongoza seti mbili kwa moja dhidi ya Urusi, ikawa mbele 24-19 katika seti ya nne, ikahitaji pointi moja tu. Ilipoteza mechi. Siku mbili baadaye Urusi hiyohiyo iliongoza fainali seti mbili kwa bila dhidi ya China, nayo ikapoteza. London mwaka 2012, Brazil ilikwepa pointi sita za mechi mbele ya Urusi katika robo fainali, kisha ikaenda kutwaa dhahabu.

Wanaume nao wana mageuzi yao, lakini hutokea kwa namna nyingine. Katika fainali ya London mwaka huohuo, Urusi ilikuwa nyuma seti mbili kwa bila mbele ya Brazil. Kocha Vladimir Alekno alimtoa Dmitriy Muserskiy, mwenye mita 2.18, kwenye nafasi ya kati akamfanya mshambuliaji mkuu. Muserskiy alifunga pointi 31 na Urusi ikashinda. Mechi iligeuka kwa kubadilisha mahali urefu ule unapopigia. Sijui mfano ulio bora wa falsafa ya voliboli ya wanaume.

Hoja ya kwanza: wanaume ni bora, mjadala umekwisha

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inasimama juu ya vipimo. Wanaume wanaruka juu zaidi, wanapiga kwa kasi zaidi, wanazuia juu zaidi. Timu kubwa za wanawake zenyewe zinalikiri hilo kwa vitendo, kwani huwatumia wanaume kama wapinzani wa mazoezi. China ilifanya hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mmoja wa vijana waliopewa kazi hiyo, Chen Zhonghe, ndiye aliyekuja kuwa kocha wa timu ya wanawake iliyotwaa dhahabu ya Athens. Timu ya taifa ya wanawake ikikutana na ya wanaume ya kiwango kinacholingana, chini ya wavu wowote, matokeo hayana fumbo.

Udhaifu wake ni kugeuza kipimo cha nguvu kuwa kipimo cha ustadi. Kupokea servisi inayoyumba, kusoma bega la mpigaji, kupanga bloku, kutoa pasi inayomdanganya mzuiaji, hivi havipimwi kwa kilomita kwa saa. Hata kwa wanaume wenyewe nguvu haitoshi. Earvin N'Gapeth wa Ufaransa, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Olimpiki ya Tokyo na tena ya Paris, ana kimo cha mita 1.94, mfupi kwa mshambuliaji wa daraja lake, na umaarufu wake unatokana na hila za mkono zaidi ya misuli.

Hoja ya pili: voliboli ya kweli ni ya wanawake

Upande huu nao una historia nyuma yake. Voliboli ya wanawake haikuja baadaye kama nakala ya wanaume. Zote ziliingia Olimpiki pamoja, Tokyo mwaka 1964, na huo ukawa mchezo wa kwanza wa timu kwa wanawake katika Olimpiki. Japani ilitwaa dhahabu ikiwa na kikosi kilichojengwa hasa na wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Nichibo mjini Kaizuka, chini ya kocha Hirobumi Daimatsu. Mabinti hao walifundishwa kujitupa kuokoa mpira, kubiringika begani na kusimama tena kwa mwendo mmoja, ili nafasi isibaki wazi. Karibu theluthi mbili ya nyumba zenye runinga za eneo la Tokyo ziliiangalia mechi ile ya mwisho dhidi ya Muungano wa Kisovieti. Hadi leo, ukitaka kuona mpira ukiokolewa mara nne kabla ya kuanguka, utaupata upande wa wanawake kwa urahisi zaidi.

Mashabiki wanathibitisha. Agosti 2023 watu 92,003 walijaa uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani huko Lincoln, Nebraska, kuangalia wanawake wa chuo kikuu wakicheza voliboli. Nchini Uturuki timu ya taifa ya wanawake inapendwa kiasi ambacho ya wanaume haijakaribia.

Lakini kusema hii ndiyo ya kweli na ile si ya kweli ni kuchanganya ladha na hukumu. Muda mrefu wa mpira hewani si alama ya ubora peke yake. Wakati mwingine mpira haufi kwa sababu hakuna aliyeweza kuumaliza. Na anayedharau pointi fupi za wanaume hajatazama kinachotokea ndani ya sekunde zile tano: pasi inayotoka kwa mpokeaji aliyegongwa na kombora, seta akiruka na kuwaficha wapigaji wanne, bloku ya watu watatu ikifika juu kwa wakati mmoja.

Hoja ya tatu: ni suala la pesa na mazoezi

Hii inatamkika vizuri, na nusu yake ni kweli. Wanawake wengi duniani wanaanza kuchelewa, wanafundishwa kidogo na wanalipwa kidogo. Palipowekezwa, kiwango kilipanda haraka: klabu ya VakıfBank ya Istanbul ilishinda mechi 73 mfululizo kati ya 2012 na 2014 ikiwa na wachezaji kutoka pande zote za dunia.

Hata hivyo, pengo la kasi na mruko halipungui katika nchi zenye ligi tajiri kwa jinsia zote mbili. Italia ina ligi mbili ambazo ni miongoni mwa bora duniani, ya wanaume na ya wanawake, na tofauti ya mchezo ipo palepale. Kwa maneno mengine, pesa inaeleza kwa nini wanawake wa nchi moja wanawashinda wa nchi nyingine. Haielezi kwa nini wanaume wanagonga mpira karibu nusu mita juu zaidi.

Kenya ni mfano mzuri wa kuitenganisha hoja hii. Malkia Strikers, timu yake ya taifa ya wanawake, wamecheza Olimpiki nne, Sydney, Athens, Tokyo na Paris, na mwaka 2023 walitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kumi. Timu ya wanaume haijawahi kufika Olimpiki. Haiwezekani miili ya Wakenya ikawa ndiyo sababu. Wanawake walipata ajira na makocha wa kudumu kupitia klabu za taasisi kubwa kama Magereza, Pipeline na KCB, wakati wanaume wanakutana na Misri, Tunisia, Algeria na Cameroon zilizowekeza mapema katika voliboli ya wanaume. Halafu tazama Paris: Malkia Strikers walifungwa na Brazil, Poland na Japani bila kupata hata seti moja. Kwa Brazil na Poland mtu anaweza kulalamikia urefu. Kwa Japani hawezi. Japani ni ile nchi ambayo seta wake Yoshie Takeshita, mwenye sentimita 159, alipata medali ya shaba mwaka 2012.

Hoja ya nne: sheria zibadilishwe

Hapa kuna kambi mbili zinazovutana. Wengine wanataka wavu wa wanawake ushushwe zaidi ili uwiano na mruko uwe sawa na wa wanaume. Wengine wanataka mchezo wa wanaume upunguzwe kasi, kwa kupandisha wavu au kuibana servisi.

Sheria si msahafu, na voliboli imewahi kujirekebisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Shirikisho la Kimataifa liliachana na mfumo wa zamani ambao timu iliyopiga servisi ndiyo peke yake iliyoweza kupata pointi. Mfumo ule uliwaelemea wanaume zaidi: kwa kuwa mpokeaji alishinda mara nyingi, servisi ilihama huku na huku na ubao wa matokeo ukabaki ulivyo. Runinga zilichoka kungoja. Kila mpira ukawa pointi, seti zikawa za 25. Wakati huohuo, mwaka 1998, libero aliingizwa, mchezaji wa nyuma asiyeruhusiwa kushambulia juu ya wavu, ili ulinzi upate nguvu. Voliboli ya ufukweni nayo ilipunguza uwanja wake hadi mita 16 kwa 8.

Lakini kila marekebisho yana bei. Ukishusha wavu wa wanawake hadi uwiano uwe sawa, washambuliaji watapiga kwa pembe kali zaidi, mpira utafika sakafuni mapema, na mivutano mirefu inayopendwa itapungua. Usawa wa namba utanunuliwa kwa sifa ileile iliyoleta watu 92,003 Lincoln. Ukipandisha wavu wa wanaume, watakaoumia kwanza ni wafupi. N'Gapeth na Yuji Nishida wa Japani, mwenye mita 1.86, watapoteza kabla Muserskiy hajahisi lolote. Kuibana servisi kutampa mpokeaji pasi nzuri, na mpokeaji mwenye pasi nzuri kwa wanaume karibu haokoleki, kwa hiyo pointi zitazidi kuwa fupi. Wanaotaka hili hudhani servisi ndiyo ugonjwa, kumbe ndiyo silaha pekee iliyobaki ya kumzuia mshambuliaji.

Kuzipima

Hoja ya kwanza ina ukweli wa vipimo na inakosea inapoutangazia ustadi hukumu. Ya pili imeona kwa usahihi mahali uzuri ulipo, ila inaudai peke yake. Ya tatu ni sahihi ikitumika kulinganisha nchi na nchi, na inapotoka ikitumika kulinganisha jinsia na jinsia. Ya nne ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa tiba zake zinaharibu kile kinachotibiwa.

Kwa maoni yangu wavu ubaki ulipo, pande zote mbili. Sentimita 19 ni kosa la hesabu lililozaa matunda: kwa kutofidia mruko, sheria iliwaachia wanawake nafasi ya mpira kuokolewa, na kutoka kwenye nafasi hiyo kukazaliwa namna ya pili ya kucheza, yenye mbinu, nyota na makocha wake. Kama kuna jambo la kuguswa, ni ratiba. Kuruka mara mamia kwa wiki kunaumiza magoti ya wanaume na wanawake, na wanawake wana hatari kubwa zaidi ya kukatika ukano wa mbele wa goti wanapotua. Msimu mrefu wa klabu ukifuatwa na mashindano ya mataifa bila pumziko unazidisha hatari hiyo.

Kwa timu za ukanda wetu maana yake ni ya kazi zaidi kuliko ya nadharia. Voliboli ya wanaume inamdai kocha kwanza awapate vijana wa mita 2, na hao hawafundishwi mazoezini. Ya wanawake inaamuliwa baada ya shambulizi la kwanza, katika kuokoa, kupanga upya na kushambulia tena, na hayo yote hufundishika. Kocha wa Nairobi, Kigali au Dar es Salaam mwenye saa mbili za ukumbi na kikosi cha wasichana wa kimo cha kawaida angefanya vyema kutumia nusu ya muda huo kwenye mapokezi ya servisi ya kuelea na mpira wa pili baada ya kuokoa, na awaite vijana wa kiume wawafyatulie smashi kama China ilivyofanya. Mazoezi ya smashi kwenye wavu mtupu, ambayo ndiyo hupendwa zaidi, yasubiri dakika za mwisho.